Akiba Inayooza: Kisa cha Mbegu za Aleppo

Hazina ya Mbegu ya Dunia ilipofunguliwa ndani ya mlima huko Svalbard, visiwa vya Norwei vya kaskazini ya mbali, tarehe 26 Februari 2008, wengi waliizungumzia kana kwamba imejengwa kwa ajili ya siku ya kiyama. Ikitokea balaa la kuifagia dunia, walisema, kutakuwa na mbegu za kuanzia upya. Haikupita hata miaka minane masanduku yakaanza kutolewa. Hakukuwa na kimondo wala mabomu ya nyuklia. Palikuwa na vita ndani ya nchi moja, Syria, na benki moja ya mbegu nje kidogo ya jiji la Aleppo ambayo wenyewe hawakuweza tena kuifikia.

Kisa hiki husimuliwa kwa ufupi mno: vita vilizuka, masanduku yakatoka mlimani, mbegu zikaokoka. Kwa simulizi hiyo mtu anabaki akiushangaa mlima wa barafu. Mimi naona kazi kubwa ilifanyika mahali pengine, kwanza mezani kwa wafungashaji huko Syria miaka kabla ya risasi ya kwanza, halafu shambani, miaka baada ya masanduku kufunguliwa. Ndiyo maana nataka kukifungua kisa chenyewe hatua kwa hatua.

Tel Hadya

Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo katika Maeneo Makavu, maarufu kwa kifupisho chake ICARDA, kilianzishwa mwaka 1977 kikapewa ardhi ya hekta 950 hivi huko Tel Hadya, kilomita 30 kusini mwa Aleppo. Mvua ya hapo ni haba, wastani wa milimita 330 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha majira ya baridi. Kwa mkulima hiyo ni shida. Kwa mtafiti wa mazao ya ukame ni mahali pake hasa, maana mmea ukistawi pale una jambo la kutufundisha.

Ukame haukuwa sababu pekee. Aleppo iko ndani ya Hilali ya Rutuba, ule ukanda unaopinda kutoka Palestina na Yordani, ukapita Syria na kusini mwa Uturuki, kisha ukateremka Iraki hadi mpakani mwa Iran. Huko, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, watu walianza kupanda ngano, shayiri, adesi, dengu na njegere badala ya kuzifuata porini. Mashariki mwa Aleppo, kando ya mto Frati, waakiolojia walichimba kijiji cha kale cha Abu Hureyra na kuzichambua punje zilizoungua za watu walioishi katika kipindi hicho cha mageuzi. Walifanya kazi mbiombio kwa sababu bwawa lilikuwa linajengwa chini yake. Leo kijiji hicho kimelala chini ya maji ya Ziwa Assad.

Mageuzi yenyewe yanastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo yanayofanya mbegu za eneo hili ziwe na thamani isiyo na mbadala. Ngano ya porini ikikomaa, suke lake hukatika vipandevipande na punje kumwagika ardhini. Hivyo ndivyo inavyojipanda. Mara mojamoja hutokea mche wenye kasoro, ambao suke lake halipukutiki. Porini mche huo hauna uzao. Lakini mtu anayevuna kwa mundu huondoka na punje nyingi zaidi za mche huo, kwa kuwa za wenzake zimekwisha kuanguka, na msimu ukifika hupanda alichonacho. Baada ya vizazi vingi shamba zima likawa la ngano inayomsubiri mvunaji. Ilikuwa faida kubwa kwa binadamu, ila katika utajiri wote wa mimea ya porini ni sehemu ndogo tu iliyovuka kuingia shambani.

Ngano ya mkate ilibanwa zaidi ya hapo. Ilizaliwa pale ngano iliyokwisha kulimwa ilipochavushana na nyasi ya porini iitwayo Aegilops tauschii, kusini mwa Bahari ya Kaspi, na waliohusika katika uzazi huo walikuwa mimea michache. Kwa hiyo mikate yote ya dunia inatoka kwenye mlango mwembamba. Jamaa za ngano waliobaki nje ya mlango huo, kwenye vilima na kando ya barabara za Syria na majirani zake, bado wana urithi ambao ngano haikuupata: ustahimilivu wa chumvi, wa joto, wa wadudu na wa magonjwa.

Mtu aliyeifanya hoja hii kuwa kazi ya maisha yake ni Mrusi Nikolai Vavilov. Mwaka 1926 alichapisha maelezo yake kuhusu vitovu vya asili ya mimea inayolimwa, na mwaka huohuo alizunguka Syria, iliyokuwa chini ya Wafaransa, akikusanya ngano za wakulima huku akiugua malaria. Wanasayansi wamerekebisha mengi katika ramani zake, ila kanuni yake ya msingi bado inawaongoza wakusanyaji: nenda pale ambapo zao lina sura nyingi zaidi. Alikufa katika gereza la Saratov Januari 1943, akiwa amedhoofika kwa njaa. Wakati huo wenzake katika jiji lililozingirwa la Leningrad walikuwa wakizilinda mbegu alizokusanya, na baadhi yao walikufa kwa njaa huku magunia ya mchele na ngano yakiwa karibu nao. Historia ya benki za mbegu imeandamana na vita tangu miaka yake ya mwanzo.

Kilichokuwa ndani ya vyumba vya baridi

Kufikia miaka ya 2000, vyumba vya baridi vya Tel Hadya vilikuwa na sampuli zipatazo 150,000. Sampuli moja ni mbegu za aina moja zilizochukuliwa mahali fulani siku fulani, zikiandikiwa kijiji, mwinuko wa ardhi, udongo na jina ambalo mkulima mwenyewe aliliita zao lake. Kulikuwa na shayiri, ngano ya mkate na ngano ngumu, adesi, dengu, maharage mapana, malisho ya mifugo, na jamaa wengi wa porini wa mazao hayo.

Thamani ya mkusanyiko huo haikuwa katika wingi wake. Sehemu kubwa ilikuwa mbegu za kienyeji, yaani zile ambazo familia za wakulima zilizichagua na kuzirudisha ardhini mwaka hadi mwaka bila kupitia kwa mtafiti wala muuza mbegu. Shamba la mbegu za kienyeji si la mimea inayofanana kama sare za askari. Ndani ya shamba moja la shayiri ya Syria unakuta mimea mirefu na mifupi, inayowahi na inayochelewa. Mwaka wa mvua njema hii inazaa, mwaka wa kiangazi ile inabaki. Mkulima havuni sana, lakini harudi nyumbani mikono mitupu.

Kulikuwa pia na zao moja ambalo husahaulika, jamaa ya njegere iitwayo kisayansi Lathyrus sativus. Huota mahali ambapo ukame umeua kila kitu kingine, na kwa sababu hiyo huwa chakula cha mwisho cha maskini wakati wa njaa huko Ethiopia na Asia ya Kusini. Shida yake ni kwamba ina sumu, na mtu akiila karibu peke yake kwa miezi mingi inaweza kumpooza miguu maisha yake yote. Tiba ya tatizo hilo imo katika utofauti wa zao lenyewe: kuna mbegu zenye sumu kidogo sana, na wazalishaji wa mbegu wamezitumia kupata aina salama zaidi. Asiyekuwa na mkusanyiko mpana hana pa kuzitafutia mbegu hizo.

Anayetaka kuona hatari ya kuegemea mbegu moja hakuhitaji kwenda mbali na Tel Hadya. Mwaka 2010 ugonjwa wa kutu ya manjano uliivamia ngano ya Syria. Mashamba mengi ya nchi yalikuwa yamepandwa aina moja, Cham 8, ambayo kinga yake ilitegemea jeni moja. Vimelea vya kutu vilipopata mbinu ya kuishinda kinga hiyo, vilipata meza iliyokwisha kutandikwa nchi nzima. Cham 8 ilikuwa imetoka katika utafiti ambao ICARDA ilishiriki. Nalisema hili bila nia ya kulaumu, kwa kuwa aina hiyo iliwapa wakulima mavuno mazuri kwa miaka. Nalisema kwa sababu linaonyesha mkanganyiko ulio katikati ya kazi hii yote. Mbegu bora inayozaliwa kutokana na utofauti huenea, na ikienea sana inaondoa shambani utofauti uleule ulioizaa. Benki ya mbegu ipo kwa sababu ya mafanikio ya kilimo cha kisasa kama ilivyo kwa sababu ya majanga yake.

Akiba haiozi?

Wahenga wanasema akiba haiozi. Kwa mbegu, methali hiyo inahitaji tahadhari. Mbegu ni kiumbe hai aliyelala. Ukiikausha vizuri ibaki na unyevu kidogo sana, ukaifunga isipate hewa, ukaiweka katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, usingizi wake unaweza kudumu kwa miongo mingi, na kwa mazao mengine zaidi ya karne. Lakini inaendelea kuzeeka. Kila baada ya miaka kadhaa watunzaji huchukua chache kutoka kila sampuli, huzilowesha, huhesabu ngapi zimeota. Idadi ikishuka chini ya kiwango, au mbegu zikipungua kwa sababu zimegawiwa watafiti, sampuli hiyo lazima ipelekwe shambani ikapandwe na kuvunwa upya.

Kwa hiyo benki ya mbegu inategemea umeme usiokatika, wafanyakazi wanaojua kazi, na mashamba. Kikikosekana kimoja kwa muda mrefu, akiba inaanza kuoza kimyakimya, bila harufu wala moshi wa kumshtua mtu.

Watu wa Aleppo walilijua hili kuliko wengi, kwa kuwa waliwaona majirani zao. Nchini Afghanistan mwaka 2002 iligundulika kwamba mbegu zilizokuwa zimefichwa katika nyumba huko Ghazni na Jalalabad zimemwagwa sakafuni na waporaji waliotaka vyombo vyake tu. Huko Abu Ghraib, Iraki, benki ya taifa ya mbegu iliporwa katika vurugu za mwaka 2003. Ya Iraki haikuwa hasara kamili, kwa sababu kabla ya vita wanasayansi wa nchi hiyo walikuwa wamefungasha sanduku la mbegu zao muhimu zaidi na kulipeleka kwa jirani wanayemwamini. Jirani huyo alikuwa ICARDA, Aleppo.

Naliona sanduku hilo la Iraki kuwa ndilo chanzo halisi cha kisa chetu. Waliolipokea walijifunza kwamba mbegu haiokolewi siku ya hatari. Huokolewa siku ya amani, wakati anayeomba bajeti ya kufungasha nakala anaonekana mtu wa wasiwasi asiye na kazi.

Kutunza nakala si kazi ya kusisimua. Unachukua sampuli, unahesabu mbegu mia kadhaa, unazikausha, unazifunga katika pakiti ya karatasi ya alumini, unabandika namba, unaingiza taarifa kwenye kompyuta. Kisha unafanya hivyohivyo kwa inayofuata, mara elfu, mara laki. Sehemu ya mkusanyiko wa Tel Hadya ilikuwa na nakala katika benki rafiki za nchi mbalimbali tangu zamani. Svalbard ilipofunguliwa mwaka 2008, ICARDA ilikuwa miongoni mwa walioanza kupeleka, na ikaendelea hata baada ya machafuko ya 2011 kuanza. Kwa jumla zilifika huko sampuli zipatazo 116,000 katika masanduku 325.

Mlima wa Svalbard

Hazina yenyewe iko karibu na mji wa Longyearbyen, kwenye latitudo ya 78 kaskazini, mita 130 hivi juu ya usawa wa bahari. Handaki linaingia zaidi ya mita 100 ndani ya mlima ambao udongo wake hauyeyuki mwaka mzima, na mitambo hushusha baridi hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Serikali ya Norwei ndiyo mmiliki wa jengo, na hifadhi haimgharimu mwenye mbegu chochote.

Sharti moja la mkataba ndilo lililokuja kuamua mambo. Mbegu zinabaki mali ya aliyeziweka. Wasimamizi hawafungui masanduku, hawagawi, hawapandi. Anayeruhusiwa kuzitoa ni yuleyule aliyezileta. Wapo waliolalamika kwamba utaratibu huu unaifanya hazina kuwa ghala lisilo na faida kwa mkulima. Naelewa malalamiko yao, lakini bila sharti hilo nchi nyingi zisingekubali kupeleka hata punje moja kaskazini ya mbali, na kumbukumbu za wakoloni waliobeba mimea ya watu bila kuuliza bado ni mbichi. Kilichowashawishi waweke ni uhakika kwamba hakuna mwingine atakayegusa.

Jengo nalo lina udhaifu wake. Oktoba 2016 joto lisilo la kawaida na mvua vilisababisha maji kuingia kwenye lango la handaki. Hayakufika kwenye vyumba vya mbegu, lakini Norwei ililazimika kulijenga upya handaki la kuingilia lisipenyeze maji, kazi iliyokamilika mwaka 2019.

Vita vinafika shambani

Mapigano yalipoingia mkoa wa Aleppo mwaka 2012, wafanyakazi wa kimataifa waliondolewa na makao makuu yakahamia Beirut. Kilichobaki Tel Hadya kilikuwa kikundi kidogo cha Wasyria. Waliendelea kwenda kazini katika eneo lililobadilisha wenye mamlaka, wakihakikisha majenereta yanafanya kazi na vyumba vinabaki baridi. Sitawataja kwa majina. Wapo waliokuwa na familia kwenye njia za mapigano, na uamuzi wa kutoka nyumbani asubuhi kwenda kuangalia kipimajoto cha chumba cha mbegu si wa kuandikwa harakaharaka.

Vyumba havikubomolewa wakati huo. Watu husimulia kana kwamba bomu lilianguka juu ya benki, na sivyo. Mbegu zilikuwepo, baridi ilikuwepo. Kilichokufa ni kazi. Huwezi kupeleka sampuli kwa mtafiti anayeomba, huwezi kupanda zinazozeeka, huwezi kupokea mpya, na hatimaye huwezi hata kufika langoni. Benki iliyofungwa kwa namna hiyo ni kama kisima kilichofunikwa jiwe. Maji yapo, lakini hayamfikii mwenye kiu.

Mwaka 2015 viongozi wa ICARDA walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusubiri: nakala ziko salama mlimani, vita vitakwisha, tutarudi. Kuzitoa nakala ni kuiacha akiba ya mwisho, na sampuli iliyotolewa ikiharibika njiani au shambani, imekwenda. Ya pili ilikuwa kuzitoa na kuanza upya nchi nyingine. Walichagua ya pili, na kwa maoni yangu walichagua sawasawa. Watafiti duniani walikuwa wanaendelea kuomba mbegu za ukame na joto, na mbegu za kitovu hiki hazipatikani kwa urahisi kwingine. Tena nakala moja iliyolala peke yake haina mwenzake. Kadiri miaka ilivyopita bila ya Tel Hadya, ndivyo hazina ya Svalbard ilivyogeuka kutoka nakala ya akiba kuwa nakala pekee ya vitu vingi, na hali hiyo ndiyo iliyokusudiwa kuepukwa tangu mwanzo.

Mwezi Septemba mwaka huo masanduku 128 yaliondoka Svalbard yakiwa na sampuli 38,073. Mengine yalikwenda Lebanon, mengine Moroko. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kutoa mbegu katika hazina hiyo.

Kazi ambayo kamera hazikuifuata

Waandishi wa habari walipiga picha masanduku yakitoka handakini, wakaondoka. Kisa kilikuwa kinaanza.

Ndani ya pakiti moja kulikuwa na mbegu mia chache. Kutokana na hizo ilibidi zipatikane za kurudisha Svalbard, za kuhifadhi katika benki mpya, za nakala nyingine, na za kuwagawia wanaoomba. Kwa hiyo kila pakiti ilipaswa kupandwa, na makumi ya maelfu ya pakiti hayaingii shambani kwa msimu mmoja. Shirika lilikuwa na kituo cha utafiti cha siku nyingi huko Terbol, katika bonde la Bekaa nchini Lebanon, na mashamba huko Marchouch, karibu na Rabat. Kazi ikagawanywa baina ya vituo hivyo viwili, na mwaka 2016 benki mpya ikafunguliwa Terbol.

Ngano na shayiri ni wepesi kiasi, kwa sababu ua la ngano hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka sana. Unaweza kupanda mistari ya sampuli mbalimbali ikiwa jirani na kila moja ikabaki yenyewe. Hata hivyo mtu akichanganya pakiti mbili au namba mbili kwa uchovu wa saa kumi jioni, kosa hilo litaishi milele, likipita kila benki duniani kwa jina lisilo lake.

Maharage mapana ni habari nyingine. Nyuki huyapenda, na nyuki hatambui mpaka kati ya sampuli ya kijiji kimoja na ya kingine. Ukiyapanda wazi, baada ya msimu mmoja una mchanganyiko usioelezeka. Ndiyo maana kila sampuli huwekwa ndani ya kizimba chake cha chandarua, au hutenganishwa kwa umbali mkubwa. Hebu fikiri kuhusu maelfu ya sampuli kwa hesabu hiyo ya vizimba.

Jamaa wa porini wanasumbua kuliko wote. Mbegu zao hazioti kwa pamoja, maana porini kuota kwa mafungu ndiko kunakoziokoa na mwaka mbaya. Za jamii ya kunde zina ganda gumu linalohitaji kukwaruzwa moja moja. Zikikomaa, hupukutika kama nilivyoeleza, kwa hiyo mvunaji hupitapita kila siku au hufunika masuke kwa vifuko kabla hayajamwaga. Tabia ileile ambayo watu wa Abu Hureyra waliiacha nyuma inarudi kumtesa fundi wa Terbol.

Halafu ipo hatari isiyoonekana. Sampuli ya mbegu za kienyeji ni jamii nzima ya mimea, ndani yake wamo wachache wenye sifa adimu. Ukipanda michache mno, hao adimu wanaweza wasiwemo. Ukipanda katika udongo na mvua tofauti na za kwao, wanaochelewa kukomaa hawatafika mavunoni, na mavuno yatawaelemea waliozoea hali mpya. Hakuna anayefanya uteuzi huo kwa makusudi, ila umefanyika. Terbol inapata mvua zaidi kuliko Tel Hadya, kwa hiyo hofu hii si ya nadharia. Dawa yake ni kupanda mimea mingi kwa kila sampuli, kuvuna kiasi sawa kwa kila mche, na kupunguza mizunguko ya kupanda kadiri inavyowezekana. Hapo ndipo mlima wa baridi unapopata maana yake kamili: ukivuna vizuri na kugandisha vizuri, hulazimiki kurudia kamari hiyo mara kwa mara.

Februari 2017 ICARDA ilirudisha Svalbard zaidi ya sampuli 15,000 mpya zilizovunwa katika mashamba hayo mawili. Awamu ya pili ya kutoa ilikuwa mwaka huohuo, ya tatu mwaka 2019. Geoffrey Hawtin, mmoja wa wanasayansi wa mwanzo wa ICARDA, na Cary Fowler, wote wawili miongoni mwa waliopigania kuanzishwa kwa hazina ya Svalbard, walitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2024. Wanastahili. Ningefurahi zaidi kama siku moja tuzo kama hiyo ingewafikia waliohesabu mbegu.

Kisichoingia ndani ya pakiti

Ukiondoa 116,000 kutoka 150,000, unabaki na sampuli zipatazo 34,000 ambazo hazikufika Svalbard. Baadhi zilikuwa na nakala katika benki nyingine. Zile zisizokuwa nayo popote zilibaki nyuma ya milango ya Tel Hadya. Mara nyingi zinazochelewa kufanyiwa nakala ni zilezile zenye shida, zenye mbegu chache au za porini zisizokubali kuzidishwa kirahisi. Foleni ya nakala huanza na walio tayari, na walio dhaifu husubiri. Kama kuna jambo moja ambalo ningewaomba wasimamizi wa benki nyingine walitazame katika kisa hiki, ni mpangilio wa foleni yao wenyewe: kinachostahili kutangulia ni kisicho na mwenzake mahali pengine, hata kama kukizidisha kunachosha.

Hasara nyingine haihesabiki kwa sampuli. Pakiti inabeba mbegu na namba, pamoja na maelezo machache. Haibebi jicho la mama anayejua ngano ipi inafaa bulguri, yaani ngano ya kuchemshwa na kupondwa, na ipi inafaa mkate, wala haijui kwa nini shayiri nyeusi ilipandwa upande ule wa kilima na nyeupe upande huu. Ukame wa kati ya 2007 na 2010 ulikuwa umekwisha kuwaondoa wakulima wengi kaskazini-mashariki mwa Syria kabla vita havijawaondoa waliobaki. Mashamba ambako mbegu hizi zilichukuliwa miaka ya 1970 na 1980, mengi hayana tena wenyewe.

Na mbegu iliyogandishwa haijifunzi. Kutu iliyoishambulia ngano mwaka 2010 haikuwepo kwa umbo lile wakati sampuli nyingi zilipokusanywa. Shamba la mkulima hukutana na kila ugonjwa mpya na kila mwaka wa joto, na kinachosalia ndicho kinachopandwa tena. Benki huusimamisha mwendo huo. Wanaopinga fedha nyingi kwenda kwenye mahandaki huku wakulima wanaotunza mbegu za kienyeji wakiachwa bila msaada wana hoja nzito, na sioni kwamba mafanikio ya Svalbard yanaijibu. Yanajibu swali jingine: nini kinabaki pale ambapo mkulima mwenyewe amelazimika kukimbia?

Bonde la Bekaa liko mpakani na Syria. Wasyria wengi waliokimbia vita walipiga mahema yao humo, na wengi wa hao waliishi kwa vibarua vya mashambani. Mbegu zilizotoka katika nchi yao zilipanda ndege hadi karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, zikakaa gizani miaka kadhaa, zikarudi kuchanua Terbol, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Tel Hadya kama barabara zingekuwa wazi.